Corinne Achagua Chuo

Corinne Stachowiak alikuwa mshonaji wa mavazi katika ukumbi mmoja wa maigizo hapa Milwaukee, nami nilikuwa napiga pasi meza ya jirani. Alikuwa na miaka thelathini na kitu, shahada ya sanaa za maonyesho, na ulimi ambao hata waigizaji wenye majina waliuogopa.

Siku moja mazoezini, mwigizaji aliyecheza mfalme aliteleza kwenye ngazi za mbao, paja likachanika. Sisi tulipiga kelele. Corinne alivua aproni, akaikandamiza kwenye kidonda, akakaa pale chini akimtania mgonjwa mpaka ambulensi ikafika.

"Tulia, Mtukufu. Suruali hii nishaishona mara mbili, usinizidishie kazi."

Wiki iliyofuata akatangaza kwamba anataka kuwa daktari.

Tulikuwa kwa mama yake, Bernadine, tunakula samaki wa kukaanga wa Ijumaa. Kaka yake Dale, fundi magari, alicheka mpaka bia ikamtokea puani.

"Wewe? Si ndiwe uliyemkimbia chura darasani, wakati wa kumpasua?"

"Sikukimbia. Nilitoka haraka."

"Kupitia dirishani!"

"Mwache mwenzio," mama yao akasema. "Akishakuwa daktari atanitazama hili goti."

Tatizo lilikuwa kwamba vyuo vya udaktari vinataka kemia, biolojia na fizikia, na Corinne alikuwa amesomea kofia za manyoya. Watu wa aina yake huwekewa masomo ya maandalizi. Aliomba sehemu mbili, zote zikamkubali. Moja ilikuwa Boston: mwaka mmoja, kutwa nzima darasani, jina linalowafanya watu wakae vizuri kwenye kiti. Nyingine ilikuwa hapa kwetu: jioni baada ya kazi, miaka mitatu.

"Boston ni mchumba wa suti," Dale akasema. "Huyu wa hapa ni mchumba wa kukukwangulia theluji kwenye gari."

Corinne akaenda Boston kuangalia. Wageni walikaa duara, kila mmoja aeleze kilichomleta. Mmoja alikuwa amepanda milima ya Nepal, mwingine amechimba visima. Zamu yake ilipofika akasema, "Mimi nilibana paja la mfalme." Wakacheka, naye akawapenda. Halafu akauliza, "Anayeanguka kemia ya kwanza anafanyaje?"

Mama mwenyeji akatabasamu kama mtu aliyeulizwa choo katikati ya harusi. "Watu wetu huwa hawaanguki."

Aliporudi alimpelekea swali lilelile mkuu wa masomo ya hapa, Bwana Lindqvist, aliyekuwa anakula mkate mezani kwake.

"Anarudia," akajibu huku anatafuna. "Mimi mwenyewe nilirudia, na sasa ndiyo ninayoifundisha."

Akampa miwani ya maabara akakae nyuma aone darasa. Kabla ya saa kuisha, Corinne alikuwa ameshavunja chupa.

"Karibu," Lindqvist akasema bila kuinua kichwa.

Bado hakuweza kuamua. Alishona mikono miwili ya kushoto kwenye koti moja. Mwishowe mama yake akamweka kitako.

"Mwanangu, unaogopa kuanguka, au unaogopa kuanguka mbele ya watu wa Boston?"

"Vyote, Mama."

"Basi angukia hapa, nikupikie."

Corinne akacheka huku anafuta machozi. Kesho yake akawaambia Boston asante.

Na kweli alianguka. Mtihani wa kwanza wa kemia ulimpiga vibaya, Dale akamletea keki iliyoandikwa "Pole, Daktari." Akarudia. Nilikuwa namuuliza maswali nikipiga pasi, yeye akijibu na pini mdomoni, na siku aliyofaulu tuliunguza kanzu ya askofu.

Sasa yuko mwaka wa pili wa udaktari. Jumapili alinipigia simu analalamika kwamba wenzake darasani wanamwita mama.

"Nawe unawajibuje?"

"Nawaambia wamalize mboga zao."