Mdogo Wangu Steringi na Jeneza la Kamanga

Habari za kifo cha baba zilinikuta nikiwa na pini mdomoni. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye kibanda changu cha ushonaji pale Pasiansi, nikipima upindo wa gauni la mteja asiyeridhika na chochote, simu ikaita. Alikuwa binamu yangu. Hakunisalimia hata kidogo. "Dada, pole sana. Jamani, pole sana." Nikamuuliza pole ya nini. Akasema nifungue kundi la ukoo kwenye simu. Nilitema pini zote sakafuni, na nashukuru hadi leo kwamba sikumeza hata moja.

Kwenye kundi kulikuwa na video fupi. Ndani yake yumo mdogo wangu wa kiume, kichwa kimenyolewa kikang'aa, amevaa suti nyeusi, amepiga magoti kando ya jeneza. Juu ya jeneza imewekwa picha ya baba, ileile aliyopigwa siku ya harusi yangu, akiwa na tai iliyopinda. Mdogo wangu analia. Analia mpaka kamasi zinafika kidevuni na wala hazifuti. Nyuma yake kuna wanawake wanaomboleza, na nyuma ya wanawake ni ziwa. Chini ya video mtu ameandika: "Mzee wetu amezikwa leo huku Kamanga. Poleni wana ukoo."

Amezikwa. Nililisoma neno hilo mara nyingi na halikubadilika. Baba yangu amezikwa, na mimi mzaliwa wake wa kwanza nilikuwa napima upindo wa gauni la mtu.

Mtu anaweza kuniuliza kama sikujua kuhusu filamu. Nilijua. Kila mtu alijua. Mdogo wangu anapiga gitaa la umeme kwenye bendi ya roki, na katika jiji letu la Mwanza kupiga roki ni sawa na kuuza makoti ya baridi juani. Watu wanataka muziki wa kucheza harusini au wa kuabudu kanisani, yeye anawapelekea makelele ya vyuma na nywele za rasta zilizofika kiunoni. Miezi michache kabla ya siku hiyo, watu wa filamu kutoka Dar walimwona jukwaani wakampenda. Wakampa awe steringi. Si mpita njia wala mtu wa kufa mwanzoni mwa picha. Steringi kabisa, wa kuanza na kumaliza.

Aliponiambia nilicheka mpaka nikaketi chini. Mdogo wangu hajui kuigiza. Tangu utotoni hawezi hata kudanganya kwamba ameshiba. Lakini yule dairekta alisema anataka sura yenye hasira, na hasira mdogo wangu anayo ya kutosha na ya kugawa. Sehemu yake ilikuwa ya kijana aliyegombana na baba yake, akaondoka nyumbani, akarudi baada ya miaka kumzika. Niliposikia hivyo niliacha kucheka, kwa sababu kugombana na baba hakuhitaji kufundishwa.

Baba yetu anaishi ndani ndani huko Magu, analima pamba na mpunga na kufuga. Mama alishatangulia. Baba ni mzee wa kanisa na mtu wa maneno machache, na machache hayo huwa makali. Siku alipoziona zile rasta kwa mara ya kwanza alisema, "Na nywele hizo hutakula sahani moja na mimi." Mdogo wangu akajibu kwamba sahani ziko nyingi duniani. Akaondoka bila kuaga. Tangu hapo miaka ikapita, mimi nikiwa katikati napeleka salamu za uongo huku na huku. "Baba anakusalimia." "Mwanao anakusalimia." Hakuna aliyekuwa amemsalimia mwenzake.

Kwa hiyo nilijua filamu ipo, na nilijua wanapiga picha upande wa Kamanga, ng'ambo ya maji. Lakini picha ya baba ilikuwa juu ya jeneza. Kwetu picha ya mtu aliye hai haiwekwi juu ya jeneza, hata kwa mchezo, hata mtoto anajua. Isitoshe, baba mwenyewe alikuwa amevuka kwenda Sengerema siku chache kabla, kumtazama ndugu yake anayeumwa, na simu yake haina chaji siku zote za maisha yake. Nilimpigia, haipatikani. Nikampigia mdogo wangu, haipatikani. Nikaunganisha mwenyewe: baba amefia ng'ambo, mdogo wangu alikuwa karibu, akaitwa, akanyoa kichwa kama inavyompasa mtoto aliyefiwa, akamzika kando ya maji kama mtu asiye na kwao. Bila kutungoja. Bila kumrudisha Magu alipolala mama.

Sikulia njiani. Hasira ilikuwa imeziba kila mahali.

Nilipofika nyumbani Magu msiba ulikuwa umeshachangamka. Viti vya plastiki vimepangwa, turubai limefungwa, sufuria zinachemka. Shangazi, dada yake baba anayeishi naye, alikuwa amelala chini uani kanga imemvuka, akiuliza ndugu yake amemwachia nani. Nilipomwona hivyo nikaanguka palepale kando yake. Hapo ndipo nilipolia, na nililia kwa sauti ambayo sikujua ninayo.

Wazee wa ukoo walikuwa wamekaa kikao upande wa zizi. Hoja ilikuwa moja: kijana amezika bila idhini, je, mzee afukuliwe aletwe kwake? Mmoja alisema huyo si mtoto, ni mhuni wa gitaa, apigwe faini ya ng'ombe. Mwingine akasema angalau amenyoa zile nywele. "Amesubiri baba yake afe ndiyo anyoe!" akadakia shangazi kutoka pale chini, na kilio kikaanza upya. Mimi nilisimama nikasema maneno mabaya sana juu ya mdogo wangu, mbele ya watu wote. Nilisema mimi sina ndugu tena.

Saa tisa hivi alasiri, wakati wanawake wanasonga ugali, baba akaingia getini.

Alikuwa na kofia yake ya pama, mkoba wa kitenge begani na vumbi la barabarani mpaka magotini. Alisimama. Akatazama turubai, viti, sufuria, dada yake pale chini. Mwanamke mmoja aliyekuwa amebeba sinia aliliachia likaanguka, akakimbilia mpungani, na nasikia hakurudi mpaka kesho yake. Nikafungua mdomo, na kitu pekee kilichotoka ni kile nilichofundishwa tangu sijui kutembea.

"Shikamoo baba."

Nikangoja. Nilikuwa nimeamua moyoni kwamba asipoitikia ni mzimu.

"Marahaba," alisema. Halafu akauliza, "Nani amekufa?"

Jamani, nani angemjibu? Wazee walitazamana. Shangazi alikuwa amejifunika kanga usoni. Baba alitembeza macho kwetu sote, mmoja mmoja, akitafuta nani hayupo. Alinitazama mimi, nipo. Dada yake yupo. Nikaona midomo yake inaanza kucheza.

"Ni yule wa gitaa?"

Sikuelewa upesi alichokuwa anafikiri. Na kimya chetu kikamjibu vibaya. Baba yangu, ambaye mama alipofariki alisimama wima mpaka udongo wa mwisho, alivua kofia akaitupa, akapiga magoti kwenye mavi ya mbuzi pale getini, akashika kichwa kwa mikono yote miwili. "Mwanangu," alisema. "Mwanangu wa kiume wa pekee. Nilimfukuza kwa ajili ya nywele. Nywele tu! Nywele ni nini?" Na akalia. Mzee yule akalia kwa kwikwi kama mtoto aliyechapwa, na sisi tumesimama tunamwangalia kama mbumbumbu, watu wazima tusio na kazi.

Nilikuwa wa kwanza kupata akili. Nilimkimbilia nikamshika mabega. "Baba, hajafa. Hajafa! Ni wewe uliyekufa!"

Alinyanyua uso. Sitasahau namna alivyonitazama.

Ilichukua muda kumweleza, kwa sababu na sisi wenyewe tulikuwa tunajieleza huku tunaelewa. Tulimwonyesha video. Aliitazama, akamwona mwanawe na picha yake mwenyewe na jeneza, akainuka akajipangusa magoti. Alipoinua macho akaona ngozi ya beberu imewambwa ukutani.

"Huyo ni beberu wangu?"

Alikuwa wake. Walikuwa wamemchinja kwa ajili ya msiba wake. Mzee mmoja rika lake alimsogelea polepole, akamgusa mkono, akaufinya kidogo, akasema, "Una joto." Hapo watu wakaanza kucheka, kicheko kile cha kutetemeka ambacho kiko karibu zaidi na kilio. Shangazi aliinuka akasema watu waliolia hawawezi kurudi kwao na njaa, msiba uwe wa kweli au wa uongo, ugali uendelee. Basi baba akawekewa kiti cha mbele, akawa anapokea wageni wa maziko yake. Waliochelewa kupata habari walikuja wakilia kutoka barabarani, wakamkuta marehemu ameketi anakunywa chai.

Mdogo wangu alifika jua likiwa limeanza kulegea, kwa gari la watu wa filamu. Aliporudishiwa simu yake mchana ule, baada ya kazi kwisha, alikuta pole za ukoo mzima, akajua mara moja amefanya nini. Bado alikuwa na ile suti nyeusi. Aliposhuka hata wanaokula waliacha kutafuna. Mimi nilimwendea nimekunja ngumi, na kusema kweli nilitaka kumpiga.

"Dada, nilishindwa kulia," aliniambia kabla sijainua mkono. Alikuwa anaongea haraka haraka. Tangu alfajiri, baada ya kumnyoa rasta kwa ajili ya filamu, walikuwa wanarudia onyesho moja la maziko. Waliweka picha ya mzee fulani wa kukodi, na yeye machozi hayakutoka. Wakampaka kitunguu, akapiga chafya. Dairekta akamwambia wamemchagua bure, kesho wanamleta mwigizaji mwingine kutoka Dar. Ndipo akaitoa picha ya baba kwenye simu, ikasafishwa kwenye stesheneri karibu na kivuko, ikawekwa juu ya jeneza. Alipoitazama tu, basi. Dairekta mwenyewe alisahau kusema wakate. Na mmoja wa akina mama waliokodiwa kuomboleza, ambaye ameolewa na mtu wa ukoo wetu, alifika kwa kuchelewa, akaitambua sura ya mzee, akadhani wanapiga picha ya maziko yake ya kweli. Hakuweza kuwaza kwamba ni mchezo. Nani angewaza? Alilia kwa dhati, na simu aliyoificha kwenye kanga ikafanya iliyofanya.

"Umemzika baba yangu ili usifukuzwe kazi," nilimwambia.

"Mlete hapa," baba aliita.

Mdogo wangu alitembea mpaka mbele ya kile kiti, akapiga magoti, akainamisha kile kichwa kisicho na unywele hata mmoja. "Shikamoo baba." Baba hakuitikia. Aliomba simu yangu. Akaiweka ile video tena, akaisogeza mbali na macho kama wafanyavyo wazee, na uani kote tukaisikia sauti ya kilio cha mdogo wangu ikitoka kwenye kile kisimu.

"Hapa ulikuwa unaigiza?"

Akisema ndiyo, basi amemfanyia baba yake mzaha wa kifo mbele ya ukoo. Akisema hapana, basi amemlilia mtu aliye hai, na kwetu kumlilia aliye hai ni kumwitia kifo. Wazee wote waliinama mbele kusikiliza. Nilimwombea apate uongo wowote wa katikati.

"Sikuweza kuigiza, baba," alisema. "Nilikuona umekufa na hatujasemezana. Nikalia."

Baba alinirudishia simu. Alikiangalia kile kichwa kilichoinama, kisha akaweka kiganja chake juu yake, akakiacha hapo. Sijawahi kumwona akimgusa mtu kichwani, hata sisi tulipokuwa wadogo.

"Marahaba," alisema. "Na mimi nimekulilia wewe leo, pale getini, kwenye mavi ya mbuzi. Waulize hawa, wameniona wote."

Mdogo wangu alinitazama, nami nikaitikia kwa kichwa kumwambia ni kweli. Baba alivuta sinia la ugali na nyama katikati yao wawili, akamega tonge la kwanza, akalisogeza sinia kwa mwanawe.

"Kula," alisema. "Msiba ni wangu, na nimekukaribisha mimi mwenyewe."