Adhana ya Mtaani Kwetu Ndani ya Hedifoni

Admin, nifiche jina, na hata herufi ya kwanza usiiweke, maana Mji wa Kale ni mdogo na mamangu anaufuata ukurasa huu. Nina miaka kumi na saba, nasoma Tononoka. Nina kigugumizi. Kuandika naandika vizuri, Kiswahili na Kiingereza, lakini nikifungua mdomo maneno yanakwama, na watu wa kwetu wana tabia ya kunimalizia sentensi kabla sijafika nusu. Wanadhani wananisaidia.

Nyumba yetu ni ya ukoo, upande wa mamangu. Sisi tuko chini, mjomba na watoto wake wako juu. Babangu alikwenda Maskati kutafuta kazi nikiwa mdogo, akaoa huko, na simu zake zikawa za Idi kwa Idi, halafu zikakatika. Kabla hajanyamaza alinitumia konsoli ya gemu. Nilikuwa nacheza peke yangu chumbani, kwa sababu binamu yangu wa juu, nimwite Nabil, ana miaka ishirini na mbele za watu ndiye wa kwanza kuniigiza: "Ma-ma-maji, ni-ni-nipe maji." Wageni wanacheka, na mimi najifanya nacheka.

Mwaka jana, kwenye gemu ya mpira, nilikutana na mtu mtandaoni akanifunga mawili bila, kisha akaniandikia: "Beki yako ya kushoto imelala, yakhe." Nikacheka mwenyewe. Alisema ni kijana wa asili ya Mombasa anayeishi Maskati, na maiki yake imeharibika, kwa hivyo yeye huandika tu. Sijui niwaelezeje nilivyofurahi. Wachezaji wengine ukikaa kimya wanakutukana. Huyu alikuwa kimya kama mimi. Tukawa timu moja, wawili dhidi ya wawili, yeye nyuma na mimi mbele, tukapanda kutoka daraja la nane hadi la pili. Nikikosa goli la wazi alikuwa anaandika "inatokea" na tunaendelea.

Nilimwambia mambo ambayo sijawahi kumwambia mtu. Kwamba nataka kumwomba babangu anichukue. Kwamba nyumbani wananipokonya maneno mdomoni. Nilimtumia picha ya babangu na jina la mtaa anaokaa. Baada ya wiki mbili akaniandikia: "Nimemwona babako, wallahi. Alikuwa duka la gemu ananunua padi ya kuchezea. Labda ni yako." Nilianza kuisubiri ile padi Ramadhani, ikaja Idi, ikapita, ikaja Idi Kubwa. Hodi ikipigwa nilikuwa nakimbilia mlango mimi, mimi ambaye nikisikia wageni huingia uvunguni.

Kisha siku moja tunakula, mamangu akaniwekea wali na kusema, bila kunitazama, "Kama tunakupokonya maneno mdomoni, mwanangu, si useme tu." Kijiko kilinisimama mkononi. Hayo yalikuwa maneno yangu, na nilikuwa nimeyaandika mahali pamoja tu. Nikajiambia labda ni bahati.

Jumamosi iliyopita tulikuwa katikati ya mechi, tumefungana bao moja kwa moja, nikaona alama ya maiki yake imewaka. Nadhani aliigusa bila kujua. Muadhini wa msikiti wetu ana kikohozi, kabla ya kuanza hukohoa mara mbili kwenye kipaza sauti, na watoto wote wa mtaa wanamwigiza. Nikamsikia dirishani anakohoa mara mbili. Halafu nikamsikia tena, masikioni, nyuma kidogo ya ile ya kwanza. Akaadhini Adhuhuri dirishani, akaadhini Adhuhuri ndani ya hedifoni. Maskati wako mbele yetu kwa saa nzima. Adhuhuri yao ilikuwa imeshapita.

Nikavua hedifoni, na juu ya dari nikasikia kiti kinaburutwa.

Nilipanda ngazi padi ikiwa mkononi. Nabil alikuwa mbele ya televisheni, mchezaji wangu amesimama uwanjani kama mjinga pale kwenye skrini yake. Nikamuuliza, "Ba-ba-babangu u-ulimwona wapi?" Ilichukua muda mrefu kutoka. Hakunimalizia. Alisubiri mpaka neno la mwisho, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba alikuwa anaweza siku zote.

"Sikumwona," akasema. "Ulikuwa unaniuliza kila siku. Nikaona nikupe kitu."

"Na ma-mama?"

"Shangazi ndiye aliyeniomba. Alisema mtoto hazungumzi na mtu, nitafute njia. Nilikuwa namsomea unayoniandikia mara moja moja. Si yote."

Nikageuka. Akaniita, safari hii kwa sauti ndogo. "Yakhe, tumebakisha mechi moja tuingie daraja la kwanza. Usimwambie mamako kama unajua. Tuendelee kama zamani."

Mimi pia ninayo mambo yake aliyoniandikia. Kwamba chuo alishaacha, na kila asubuhi anaaga na kwenda kukaa ufuoni mpaka jioni. Mjomba hajui. Nikisema leo, nyumba inawaka. Lakini hata hilo sijui kama ni kweli au alinipa tu, kama alivyonipa babangu dukani.

Leo ni Jumamosi tena. Mamangu yuko jikoni, ameniuliza mbona sichezi na rafiki yangu, na akasubiri nijibu. Mwaliko wa mechi ya mwisho uko kwenye skrini. Alama ya maiki ya Nabil imewaka tangu nilipowasha, na safari hii si kwa bahati mbaya, maana namsikia anapumua, anasubiri. Ninyi mlio wakubwa, mngekuwa mimi mngefanyaje? Nikubali na nifungue maiki yangu, au nizime, nimwache asubiri kama nilivyoisubiri ile padi?