Afisa Nyaraka na Jogoo wa Mnada

Jamani, nawaombeni msinitazame sana nikisimulia, maana aibu hii hakuniletea mtu, niliitengeneza mwenyewe kwa mikono yangu miwili, Ijumaa mchana, kwa mashine ya kulamineti.

Mimi nafanya kazi steshenari, karibu na stendi ya Same. Natoa kopi, nachapa barua, nalamineti vyeti vya watu. Nina stashahada ya historia na fasihi (nayo nimeilamineti, bure, na sijaona faida nyingine zaidi ya hiyo), lakini nyumbani, huko juu milimani, mama alijua niko ofisini natunza nyaraka. Si uongo sana ukiangalia vizuri, nyaraka zipo, ila ni za wenzangu. Basi Ijumaa hiyo, nikijiandaa kwenda nyumbani kwenye sikukuu ya mavuno, nikajitengenezea kitambulisho: picha ya paspoti, jina langu Eliamini, na chini yake AFISA NYARAKA, nikakitia na kamba ya buluu ya kuning'iniza shingoni. Nikajiambia, ah, kitu kidogo tu, mama afurahi.

Sasa mama naye alikuwa na swali lake. Mimi nilisomeshwa kwa shamba la chini, aliliweka rehani kwa Mzee Kiondo, jirani yetu, na huu ni mwaka wa pili tangu nimalize chuo na shamba bado liko kwake. Lilibaki la juu, la tangawizi, ambalo ndilo lililokuwa likitulisha. Mdogo wangu Nakijwa alikuwa amepata nafasi chuo kilekile, kozi ileile, kwa sababu alitaka kuwa kama mimi (Mungu anisamehe). Jumamosi jioni tunakula makande, mama akaniambia, "Baba, wewe ndiye uliyesoma humu ndani. Hebu nipigie hesabu. Nikimpa Kiondo na hili la juu, huyu akimaliza ataweza kulikomboa?"

Hesabu nilikuwa nimeshaipiga. Niliipiga dukani siku ileile ya kitambulisho, nyuma ya kopi iliyoharibika, na karatasi ilikuwa hapa, mfuko wa shati. Lakini mama alikuwa amekishika kile kitambulisho anakigeuzageuza, na Nakijwa ameacha kula ananitazama, nami nikasikia mdomo wangu unasema, "Inalipa, mama. Mwanzo ni mgumu, lakini inalipa."

Laiti ningekuwa nimejaza makande mdomoni.

Jumapili ibada ilipokwisha tukatoka nje kwa mnada wa mavuno. Mnadi alikuwa Mzee Mrutu, mzee wa kanisa, mtu ambaye sauti yake haijawahi kuhitaji spika. Yakanadiwa mayai, ikanadiwa mikungu ya ndizi, halafu akainuliwa jogoo mwekundu, na huyo jogoo alikuwa ametolewa na mama yangu. Nilikuwa nimejificha nyuma kabisa, mfukoni nina elfu kumi na mbili ikiwa ni pamoja na nauli ya kurudi mjini, lakini jua likapiga ile plastiki shingoni kwangu na Mzee Mrutu akaiona.

"Afisa wetu huyo! Afisa, jogoo wa mama yako atoke nje ya ukoo?"

Watu wakapiga makofi. Nikasema elfu kumi. Mtu akasema kumi na tano, nikasema ishirini, mwingine akanipandishia makusudi huku anacheka, mama ameinua kidevu kule mbele, nikajikuta nimefika thelathini na tano. Sisi Wapare tunavyosemwa kwa ubahili, mtu akinunua jogoo kwa elfu thelathini na tano ujue ana matatizo. Nikatoa elfu kumi na mbili zote, na kwa zilizobaki nikachomoa karatasi mfukoni, nikaandika juu yake "Ahadi, elfu ishirini na tatu, mwisho wa mwezi", nikaikunja, nikapeleka mbele kwa mwendo wa kiofisa.

Kwetu ahadi husomwa, kanisa lishuhudie. Mzee Mrutu alikuwa amesahau miwani, akampa katibu wa vijana asome, na katibu wa vijana ni Nakijwa. Akasoma ahadi kwa fahari, kisha akaikunjua karatasi, akaona maandishi mengine ndani, akadhani yanaendelea.

"Mshahara, elfu sita kwa siku. Kwa mwezi, laki moja na hamsini na sita. Kodi ya chumba, arobaini. Chakula, themanini. Inabaki thelathini na sita." Watu wakaanza kucheka, wakidhani ni utani wa msomi. "Ada na matumizi ya chuo, milioni tatu na nusu. Kuilipa, miaka minane, kama siumwi, sivai, sichangii harusi." Hapo vicheko vikapungua. Nakijwa akainua macho, akanitafuta kati ya watu.

"Endelea, mwanangu," Mzee Mrutu akamwambia. "Shahidi ni kanisa."

Akasoma polepole. "Nakijwa asiende. Shamba halitarudi."

Nilitamani ardhi ipasuke, lakini ardhi ya milimani ni mawe matupu. Mama akaja mpaka niliposimama, hakupaza sauti.

"Hii uliiandika lini?"

"Ijumaa, mama."

"Kwa hiyo jana, nilipokuuliza, ulikuwa nayo mfukoni."

Akaniambia kwamba asubuhi ile, kabla ya kengele ya kwanza, alikuwa ametia sahihi kwa Mzee Kiondo, na ada ilishatumwa chuoni kupitia wakala wa pesa za simu. Tulikwenda kote kuwili, kwa Kiondo na kwa wakala. Kiondo akatuonyesha mkataba. Chuo kwa simu kikasema ada ikishalipwa hairudi.

Kitambulisho nilikikata kwa mkasi wa dukani siku hiyohiyo niliporudi (kwa nauli ya kukopa). Nimeapa, hesabu nikishaipiga nitaisoma kwa kinywa changu, hata kama ni mbele ya makande. Ila kiapo kimekuja wakati tangawizi ya mama inavunwa na mtu mwingine.

Juzi Nakijwa alipita steshenari kutoa kopi za madesa, zile notisi za chuo, fasihi, yaleyale niliyosoma mimi. Nikamtolea zote, akaweka sarafu juu ya meza. Nikamwambia mdogo wangu, acha bwana.

"Chukua, kaka," akasema, bila kucheka. "Bado unadaiwa jogoo."