Ndagala wa Clarisse

Naona aibu hata kuisimulia hii, lakini kwa kuwa mke wangu Zaina ameshaianika kwenye kila sherehe hapa Brussels, bora nami niseme upande wangu.

Zaina alikuwa na sharti moja tu. Tumetimiza miaka ishirini ya ndoa, safari ya meli tumeingoja mpaka tumechoka (mimi nasafisha maofisi, yeye anatunza wazee, likizo zetu hazikutani), kwa hiyo akasema safari hii ni ya sisi wawili, hakuna kubeba mzigo wa mtu. Nikaapa. Siku tatu kabla ya kuondoka nikaenda kunyoa Matonge, mtaa wa Wakongo hapa mjini, nikaropoka kwamba meli itapita Savona, Italia, na maman Josiane, muuza samaki wa duka la pili, akasikia.

"Papa, donc unapita Savona? Mtoto yangu Clarisse iko kule, amezala juzi, analilia ndagala tu. Ni kapaketi kadogo!"

Ungekataa wewe? Kapaketi kenyewe kalilingana na mto wa kulalia, kamejaa dagaa wakavu, ndio hao ndagala wao, nami nikakaficha chini ya mashati yangu.

Sasa chumba chetu melini dirisha lake halifunguki. Siku ya pili Zaina akaanza kunusa. Akanusa choo, akanusa kiyoyozi, akaita mhudumu, mhudumu akaita fundi, fundi akafungua dari, na mimi nimekaa kitandani natikisa kichwa eti meli za siku hizi, bure kabisa. Wakatuletea sahani ya matunda kutuomba radhi (niliyala, sifichi).

Tulipofika Savona nikamwambia kichwa kinaniuma, nakimbilia dawa, yeye apumzike, narudi sasa hivi. Mji mzuri, vichochoro na nguo zimeanikwa madirishani, ila mimi niliuona mbiombio, begani nina samaki. Clarisse alifungua mlango na kichanga mkononi, akanusa begi kabla ya kunisalimia, machozi yakamtoka. Mtu amelia hivyo, utamwachia mzigo mlangoni uondoke? Nikaketi, akapika palepale, nikala, nikampakata mtoto, akanilalia kifuani, na kusema kweli nilisahau kabisa kama kuna meli. Ngazi inaondolewa saa kumi na moja. Niliposhtuka zimebaki dakika ishirini, na Clarisse naye hakubali mfuko wa mama yake, ule uliobeba dagaa, urudi mtupu, anaujaza malimau, "Tonton, attends, ngoja, bado kidogo!"

Nilikimbia. Nafika bandarini, nasikia jina langu linatangazwa kwenye vipaza sauti, abiria wamejaa juu kwenye roshani wanapiga makofi na miluzi, wengine wananirekodi, na hapo ndipo mfuko ukapasuka, malimau yakatawanyika, na mimi (sijui akili ilikuwa wapi) nikainama kuyaokota! Mabaharia wawili wakanishika mikono wakanipandisha.

Zaina alikuwa juu ya ngazi, macho mekundu. Alidhani nimeanguka barabarani na kile kichwa changu. Akanikumbatia kwa nguvu, nikajua nimesamehewa, kumbe ananinusa.

"Ndagala," akasema.

Nikakiri yote mbele ya watu. Nikamwonyesha picha ya mtoto kwenye simu, akaikuza kwa vidole.

"Na ulimbeba?"

"Nilimbeba."

"Weye peke yako. Nikiwa huku nakuwazia umekufa. Ungeniambia, si tungeenda wote?"

Hakunisemesha siku mbili nzima. Nilistahili, maana nilidhani atakasirikia mzigo, kumbe aliumia kwa kuachwa nyuma.

Mizigo ya watu nitabeba tu, najijua. Lakini kumficha Zaina, wallahi, sirudii. Miezi miwili baadaye, wikendi moja, tulienda Savona kwa ndege, wote wawili, na Zaina akampakata yule mtoto kutwa nzima, mimi hata zamu sikupewa.