Wakwe wa Kubadilishana

Tupokigwe wa Kisondela hakusomea uuguzi. Analima migomba na maparachichi kama sisi wote. Lakini ukiuliza huduma ya wazee ya kanisa letu ilianzaje, utaelekezwa kwake.

Baba mkwe wake, mzee Andongwisye, alipooza upande mmoja. Mkewe alishatangulia mbele za haki, na mwanawe, mume wa Tupokigwe, yuko kiwanda cha chai, anarudi mwisho wa mwezi. Na kwetu Wanyakyusa, mke wa mwana hamsogelei baba mkwe. Hata akimwona njiani huchepuka migombani. Basi Tupokigwe alikuwa akiacha uji mlangoni na kukimbia. Mzee hakuweza kuufikia. Mgongo wake ukaanza kutoka vidonda.

Siku ya maombi ya akina mama akalia: "Mkwe wangu anaoza, jamani, nami nipo ua huohuo!"

"Si umwogeshe," mwenzetu Prisca akasema.

"Nimwogeshe? Atakufa kwa aibu kabla ya kidonda!"

Tukacheka, Mungu atusamehe. Yeye hakucheka. Alimgeukia Atupakisye, ambaye naye baba mkwe wake alikuwa kitandani.

"Mwenzangu, mzee wangu ni mkwe wako?"

"Hapana."

"Wala wako si wangu. Basi tubadilishane!"

Kesho yake Atupakisye aliingia kwa mzee Andongwisye na maji ya moto, na Tupokigwe akaenda kumwosha yule mwingine. Vidonda vikakauka. Wenzetu waliposikia wakaja mbio: "Na mimi nina wangu!" Nesi mmoja akatufundisha kumgeuza mgonjwa. Wazee wasio na mtoto wala mkwe nao tukawachukua. Leo huduma ina nyumba yake yenye vitanda, na akina mama wanaohudumu wanatoka Kisiba hadi Bagamoyo pale Tukuyu. Hata akina baba wanapasua kuni, bila kuombwa!

Sikukuu ya mavuno iliyopita, mzee Andongwisye alikuja akijikongoja kwa fimbo, akasimama katikati ya ibada.

"Atupakisye, ndaga fijo, asante sana. Lakini aliyekutuma yuko wapi?"

Kanisa zima likageuka. Tupokigwe alishajitanda khanga, kajibanza nyuma ya kwaya.

"Usitoke, mwanangu," mzee akasema, akageukia ukutani polepole. "Nakushukuru nikiwa nimekupa mgongo. Umeniponya bila kunivunjia heshima."

Kigelegele cha kwanza kilitoka nyuma ya kwaya.