Bi Kasoro, Dalali Anayelamba Kuta

Saa tatu asubuhi, ndani ya nyumba tupu nyuma ya kiwanda cha barafu, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi anausukuma mtandio wake nyuma, anabonyeza kidole ukutani, anakizungusha kama anayepima unga, kisha anakitia mdomoni.

Anafumba macho. Anatafuna kitu ambacho hakipo.

"Haya, jaji, toa hukumu," anasema dalali mwenzake, aliyeegemea mlangoni na funguo mkononi. "Imeiva au bado?"

"Subiri. Hiki ni chumba cha kwanza tu."

"Na mteja wako yuko wapi? Mimi nimekuja kuonyesha nyumba, sikuja kukuangalia ukipata kifungua kinywa."

"Yupo nje kivulini. Miguu inamsumbua. Ataingia nikimaliza."

Anahamia chumba cha pili, kidole kimetangulia.

Mtaani anaitwa Bi Kasoro, na jina hilo hakupewa kwa ubaya. Ni dalali wa nyumba katika mji huu wa pwani, na kazi yake anaifanya kichwa chini miguu juu. Madalali wenzake huanza na sifa: upepo wa bahari, majirani wastaarabu, maji hayakatiki. Yeye huanza na kasoro. Mteja hajavuka kizingiti, keshaambiwa mlango wa jikoni hufura ukagoma kufunga, bati limeliwa na kutu upande wa magharibi, na jirani anafanya mazoezi ya tarumbeta.

"Mtu akishajua mabaya yote, akabaki bado anaitaka, huyo ameinunua kwa moyo," anasema. "Hatanipigia simu ya matusi mwezi ujao. Nimechoka kutukanwa, umri umekwenda."

Mwenzake wa pale mlangoni anaitwa Rangi Mpya, kwa kuwa kila nyumba anayoiuza huipaka rangi siku moja kabla. Inasemekana mteja mmoja aliegemea ukuta wa Rangi Mpya akasaini akiwa amegandia, na mpaka leo shati lake ni sehemu ya sebule.

Kuhusu Bi Kasoro, visa ni vingi zaidi. Kipo cha kwamba alilamba ukuta akamwambia mwenye nyumba kuwa fundi aliyepiga lipu alikuwa amegombana na mkewe siku ile, maana ilikuwa chungu. Kipo kingine cha jengo la ghorofa nne: alianza kulamba chini, alipofika ya tatu akaomba maji ya kunywa, na mwenye jengo akashusha bei kabla hajafika ya nne. Hicho cha fundi na mkewe huenda kimeongezwa njiani. Cha ghorofa kina mashahidi, ingawa wote ni madalali.

Sababu ya kulamba ni nyepesi. Mchanga wa ufukweni una chumvi, lakini ni wa bure na uko karibu, na mjenzi mwenye haraka au mfuko mwembamba huuchota. Ukuta wake huvuta unyevu mwaka mzima, rangi yake hufura kama shavu lenye jino bovu, na vyuma vya ndani huoza polepole. Ukiupaka rangi leo, utapendeza mpaka mnunuzi amalize kulipa. Ulimi haupakwi rangi.

Kazi yenyewe haina mshahara. Akipangisha nyumba, hulipwa kodi ya mwezi mmoja. Ikiuzwa, huchukua asilimia tatu ya bei. Mwaka juzi aliuza nyumba mbili tu, na kuna miezi mitano mfululizo aliishi kwa kufulia watu mapazia.

"Na mapazia yao niliyajua vizuri," anasema. "Mengi nilikuwa nimeyaona madirishani nikiwaonyesha nyumba."

Kwa miaka kumi na minne yeye na mama yake mzazi wamepanga vyumba viwili vya uani katika nyumba ya fundi cherehani mmoja, mitaa miwili kutoka ufukweni. Macho ya mama yamefifia. Anachokiona sasa ni mwanga na vivuli. Lakini ndani ya nyumba ile hajikwai. Anatembea kwa viganja. Anajua penye ufa, penye msumari, penye swichi. Huingia jikoni, akachemsha chai, akamkemea binti yake kwa kuacha kikombe ukingoni, yote bila kuona.

Ndiyo maana siku fundi cherehani alipomwita Bi Kasoro sebuleni, akazima mashine na kukunja miwani, dalali huyu alijua jambo limeharibika.

"Mwanangu, mgongo umekataa," fundi alimwambia. "Binti yangu anataka nikaishi kwake, bara. Niuzie nyumba."

"Niuze mimi, baba?"

"Nimpe nani? Rangi Mpya? Ataipaka mpaka mimi mwenyewe."

Hivyo ndivyo Bi Kasoro alivyopewa kazi ya kuuza paa la kichwani mwake mwenyewe. Na kazi hiyo, kwa maelezo yote, haikuwezekana. Mji mzima uliijua kama Nyumba ya Chumvi.

Aliijenga baba yake fundi cherehani, aliyekuwa mwashi, kwa mikono yake. Wakati huo alikuwa na kibarua cha kujenga ngazi za soko la samaki, na kila jioni alionekana akisukuma toroli kutoka upande wa bahari. Watu wakaunganisha wenyewe. Wakasema anaiba mchanga wa ufukweni. Fundi cherehani, akiwa mtoto wa shule, akaitwa Mwana wa Chumvi. Hakuwahi kumtetea baba yake, kwa sababu naye aliamini. Miaka ikapita bila dalili yoyote. Kisha ukuta wa uani, ule wa chumba cha mama yake Bi Kasoro, ukaanza kufura na kutoa unyevu. Watu wakatikisa vichwa: si tulisema.

"Mimi nalamba za watu, hiyo sikuwahi kuilamba," anasema Bi Kasoro. "Ningelambaje jambo linalojulikana na mji mzima?"

Wateja wa kwanza walikuwa mkunga na mumewe, fundi wa majokofu. Bi Kasoro akawasomea kasoro kama kawaida: mlango, bati, bomba la bafuni linaloimba. Akamalizia na ukuta wa chumvi.

"Umelamba?" akauliza fundi wa majokofu. Sifa zilikuwa zimemfikia.

"Sasa nisilambe, nitajuaje?" akajibu.

Jibu hilo ndilo lililomnyima raha. Halikuwa uongo ulionyooka, lakini ukweli nao haukuwemo. Wateja walipoondoka kwenda kufikiri, akaenda uani, akabonyeza kidole pale palipofura zaidi, akalamba.

Hakuna kitu. Ladha ya vumbi na chokaa.

Akasukutua mdomo, akalamba tena. Akalamba ukumbi, jikoni, akapiga magoti akalamba msingi. Nyumba nzima haikuwa na chumvi ya kutosha yai moja.

Akazunguka nje, nyuma ya ukuta ule. Pale palikuwa na vyungu vya maua vya mama yake, tisa, vimepangwa vikigusa ukuta kama askari wa zamu. Mama hawezi kuona udongo umelowa kiasi gani, kwa hiyo humwagilia asubuhi, humwagilia jioni, na akisahau kama amemwagilia, humwagilia kwa usalama. Ukuta ulikuwa unakunywa kwa miaka kumi na minne.

Akamweleza mama, aliyekuwa kitandani akichambua mchele kwa vidole.

"Kwa hiyo bahari ni mimi," mama akasema.

"Ndiyo, mama. Ni wewe."

"Wamemsema marehemu wa watu, kumbe ni mimi na kopo langu." Akachambua kidogo. "Na sasa ukisema?"

"Nikisema, nyumba ni nzima. Itauzika wiki hii, na bei itapanda."

"Na sisi?"

"Tutahama."

Mama akanyoosha mkono akaugusa ukuta pale pale pa kila siku, bila kuutafuta. "Hujaulizwa," akasema. "Nyamaza."

Na Bi Kasoro, mwanamke ambaye hajawahi kunyamazia hata bawaba inayolia, akanyamaza.

Alinyamaza wiki mbili. Vyungu alivisogeza katikati ya uwanja, akidai vinahitaji jua. Wateja walikuja, wakasikia neno chumvi, wakaondoka. Kila aliyeondoka, mama aliimba jikoni. Na ukuta ukawa unakauka, siku hadi siku, bila kumwonea mtu haya.

Kilichomvunja ni maneno ya kijiweni. Rangi Mpya alikuwa akinywa kahawa na wenzake, akamwona anapita.

"Dada, hiyo ya kwako kali," akamwambia. "Mimi nafunika ubaya nipate kuuza, wewe unapaka ubaya usipate kuhama. Karibu kwenye chama. Ada hatutakutoza."

Wenzake wakacheka. Naye alicheka, akafika nyumbani bila kukumbuka alipita njia ipi.

"Alikuwa anatania tu," anasimulia. "Hakujua lolote. Lakini nilijiona nimeshika brashi."

Siku iliyofuata akawaita mkunga na mumewe, na fundi cherehani akiwa amekaa kwenye kigoda cha mashine yake. Akawaambia yote: kwamba hakulamba, kwamba sasa amelamba, kwamba chumvi haipo na haikuwahi kuwepo, na kwamba maji ni ya mama yake.

Fundi wa majokofu akajishika kiuno. "Yaani umetuita kutupandishia bei mbele ya macho yetu."

"Ndiyo, shemeji. Samahani."

"Na nyumba ikiuzwa, wewe unahamishwa," akaongeza mkunga, akimtazama kwa makini kama anayepima mapigo.

"Najua."

Fundi cherehani hakuwa anawasikiliza. Alikuwa ameinuka, mkono mgongoni, akaenda mpaka ukuta wa uani uliokuwa mkavu. Akaupapasa kama anayetafuta mshono kwenye kitambaa. Kisha mzee yule, ambaye tangu utotoni hakupenda hata kuutazama ukuta ule, akalamba kidole chake.

"Haina," akasema.

"Haina, baba."

"Kwa hiyo mzee alinunua mchanga."

"Alinunua. Mchanga wa mto, tena uliochekechwa."

Akakaa chini, palepale sakafuni. "Siku tulipomzika nilikuwa na kinyongo naye," akasema. "Shuleni waliniita Mwana wa Chumvi, na mimi nikaitika." Mama yake Bi Kasoro alikuja akipapasa njia yake, akampata bega, akaacha mkono hapo.

Alipoinuka, fundi alisema bei lazima ipande, kwa heshima ya marehemu. Ikapanda. Mkunga na mumewe wakasema hiyo hawaifikii. Wakataka kuaga.

"Kaeni," akasema fundi cherehani. "Nitateremka nusu ya nilichopanda. Lakini vyumba vya uani, huyu na mama yake wakae mwaka mzima, kodi ileile. Atakayeinunua nyumba ya baba yangu asianze kwa kumfukuza aliyelisafisha jina lake."

Mkunga hakuhitaji kufikiri. Huitwa kazini saa zozote, na nyumba yenye mtu ndani ni salama kuliko yenye kufuli. Mumewe aliweka sharti moja: vyungu visirudi ukutani. Mama akakubali, ila baada ya kuwaeleza kwamba maua yake hayajawahi kulalamika.

Habari hiyo ilienea kuliko tangazo lolote. Baadhi ya watu wanadai kwamba tangu siku hiyo majirani hupita pale kulamba ukuta wakiwa na mafua. Hilo halijathibitishwa. Kilichothibitishwa ni kwamba wenye nyumba waliokuwa wakimkwepa Bi Kasoro sasa humtafuta, wakitaka awaambie nyumba zao zina ugonjwa gani hasa, na ugonjwa gani zimesingiziwa.

Asilimia yake tatu aliiweka kwenye kikundi cha akiba cha wanawake wenzake, juu ya kidogo alichokuwa amejikusanyia. Mwaka mmoja wa vyumba vya uani umebaki na miezi saba. Ndiyo sababu asubuhi hii yuko nyuma ya kiwanda cha barafu, kwenye nyumba ya vyumba viwili ambayo haijawekwa dari, akitoka chumba cha pili huku anafuta kidole kwenye kanga.

"Ina chumvi," anamwambia Rangi Mpya. "Chumba cha kwanza kidogo, cha pili sana. Na rangi umeipaka jana. Bado nainusa."

Rangi Mpya anachezesha funguo. "Mteja wako atajua?"

"Nimemwambia tangu wiki iliyopita."

"Na bado anaitaka?"

"Anaitaka kwa bei ya nyumba yenye chumvi. Bei yako ya mdomoni umwachie asiyelamba."

Anatoka, anarudi amemshika mkono mteja wake. Ni bibi mwembamba, kopo la maji mkononi, anayetafuta kizingiti kwa ncha ya kiatu.

Rangi Mpya anatazama, anaelewa, anaondoa mguu wake njiani. "Shikamoo, mama," anasema, bila ile sauti yake ya biashara.

"Marahaba. Ndiye wewe unayepaka watu?"

Mpango wa Bi Kasoro ni kulipa kwa mikupuo miwili, na kabla ya kuhamia kumleta mama hapa kila wiki, aizoee nyumba kwa viganja, ili siku ya kuhama aingie kama anayerudi. Ukuta wa chumba cha pili ataubandua lipu na kuipiga upya, fedha ikipatikana. "Nyumba ya uwezo wangu lazima iwe na kasoro," anasema. "Hii angalau tumeshasalimiana."

Mama ameshaanza. Kiganja kinatambaa ukutani taratibu, kinapita dirisha, kinasimama kwenye kona, kinarudi. Anapata swichi. Anaiwasha, anaizima, anaiwasha. Kisha, bila kumwomba mtu ruhusa, anatia kidole mdomoni.

"Chumvi," anasema.

"Chumvi, mama."

"Vizuri." Anampa Rangi Mpya kopo lake amshikie, apate kuugusa ukuta kwa mikono yote miwili. "Uwe shahidi, mwanangu. Nimeikuta humu. Safari hii asinisingizie mtu."