Bunduki Iliyorudi kwa Fundi

Fundi anachungulia mitutu miwili ya bunduki ya marisau, anaingiza kidole, kisha anachungulia tena. Mitupu. Hata hivyo hana haraka ya kumkabidhi mteja. Mteja ni binti yake wa pekee, na bunduki hii ndiyo iliyomfanya mjane.

Karakana ni chumba kimoja chenye jiliwa la kubania kazi, tupa za kusugulia chuma na vumbi la mbao kila mahali. Wawindaji na walenga shabaha wanamwita Kipimo, maana kabla hujamwambia unataka bunduki gani, ameshakupima mkono, shingo na shavu.

"Watu wanachagua bunduki kwa macho kama wanachagua kitambaa," anasema. "Isiyokukaa itakuumiza bega bure, na ndege ataenda zake anakucheka."

Mkwewe alikuwa mlenga shabaha hodari. Aliomba kifyatuo kilainishwe, kidole kikigusa tu bunduki ilie. Kwa visahani vya udongo vinavyorushwa hewani, wepesi huo ni raha. Porini ni balaa tupu. Fundi alimwonya.

"Baba, mimi porini nifuate nini?" mkwe alimjibu huku akicheka. Basi fundi akashika tupa, akakilainisha.

Msimu wa mavuno nguruwe mwitu wakavamia shamba la mihogo. Mkwe akabeba bunduki aliyokuwa nayo, akateleza kwenye mtaro, ikalia. Hakufika hospitali.

"Watu walisema ajali. Mimi nilijua ni tupa yangu," anasema fundi. "Ningemkatalia, angeninunia siku mbili tatu, yakaisha. Angekuwa hai."

Binti hakumlaumu mbele za watu. Alikata mguu tu. Mwaka mzima hakukanyaga hapa, wala wajukuu hawakuletwa.

Leo amekuja kwa sababu mihogo itakomaa baada ya miezi michache, na nguruwe hawasahau njia.

"Kitako kirefu, kipunguze," anasema bila kukaa. "Na kifyatuo kirudishe kilivyokuwa."

"Nikutafutie nyingine, mwanangu. Hii niikatekate."

"Watoto wanakula shamba lile, baba. Hii ndiyo ninayo."

Fundi amekubali, na kifyatuo ameshakikaza. Kinachobaki kabla ya kukata kitako ni kipimo cha jicho, na hapo ndipo fundi anaposita. Kwa desturi yake, yeye husimama mbele ya mitutu na mteja humlenga jichoni. Hivyo tu ndivyo anavyoona kama jicho la mteja limekaa sawa.

Anampa bunduki, anarudi nyuma hadi ukutani. Binti anafumba macho, anaipandisha begani, anafumbua. Mitutu inamwelekea baba yake usoni. Mzee wa watu hasogei.

"Unaniona?"

"Nakuona."

"Jicho liko chini. Nitainua pa kuegemeza shavu."

Binti anashusha bunduki, anakaa kwenye kigoda na kulia kwa kwikwi. Fundi hajui amshike au amwache. Anajifuta mikono kwenye aproni, ingawa haina mafuta.

Mpango wake sasa ni mmoja, na anautamka akiangalia sakafu. Mbao hizi ni ngumu, anasema, hazitaki papara. Kazi itachukua mwezi mzima, na kila Jumamosi lazima mteja aje apimwe upya. Wajukuu nao waje, wasibaki peke yao nyumbani.

Binti amekulia katika karakana hii. Anajua vizuri kwamba kazi ya kitako haichukui hata siku mbili.

"Jumamosi saa ngapi?" anauliza.